Mandazi Moja kwa Siku

Desemba iliyopita nilikuwa natafuta cheti changu cha kuzaliwa kwenye sanduku la mama nikakuta daftari. Ni lile la shule la kawaida, kurasa 96, na jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Ndani yake ameandika kila shilingi aliyomtumia mdogo wangu tangu 2018. Nauli ya kwenda kituo cha tathmini, 200. Picha za pasipoti, 150. Nepi. Boda, kwa sababu konda alikataa kungoja kijana apande. Mtaalamu wa usemi, 2,500 kwa kikao. Fundi wa mlango, kwa sababu kijana alikuwa amejua kufungua komeo na kutoka nje saa tisa usiku.

Nilisoma daftari lote nikiwa nimekaa sakafuni. Cheti nilikisahau.

Sitamtaja jina mdogo wangu. Ana miaka 13, ana usonji, haongei kwa maneno, na hajanipa ruhusa ya kumwanika. Niseme tu kwamba anajua kila matatu ya ruti yetu kwa honi yake, na ukimletea chai iliyopoa atakuangalia mpaka uombe msamaha.

Sasa toa simu yako, fungua kalkuleta, tupige hesabu pamoja.

Kila mtoto wa shule ya msingi ya umma hutengewa na serikali shilingi 1,420 kwa mwaka. Ndiyo hiyo walimu huita kapitesheni. Mtoto mwenye mahitaji maalum huongezewa 2,300. Jumla ni 3,720. Gawanya kwa siku 365. Unapata shilingi kumi na senti kidogo. Hiyo ni mandazi moja pale stegi. Ukitaka kuwa mkarimu, toa wikendi na likizo, uhesabu siku za masomo peke yake. Haya, mandazi mbili.

Kwa hizo mandazi mbili shule inatarajiwa kupata karatasi za breli, vitabu vya maandishi makubwa, kadi za picha za mtoto asiyeongea, kiti cha yule asiyeweza kukaa wima bila kushikiliwa, na choo ambacho kiti cha magurudumu kinaweza kuingia na mlango ukafungika.

Usiniambie ati shida ni sheria. Sheria tunazo mpaka tunazikalia. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika katika taasisi za elimu, na ya kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine inayomfaa. Kuna Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Kuna sera ya wanafunzi wenye ulemavu iliyozinduliwa Mei 2018. Kuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2025 iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Hata CBC, kwenye karatasi, imewafikiria watoto kama mdogo wangu: wasioweza kufuata gredi wamewekewa njia ya hatua, kuanzia misingi hadi ufundi. Ukimsomea mgeni haya yote atadhani Kenya ndiyo mahali pazuri kuliko pote pa kuzaliwa ukiwa na ulemavu.

Halafu mlete huyo mgeni mtaani kwetu.

Mdogo wangu alifanyiwa tathmini mwaka uo huo wa 2018, akiwa na miaka sita. Tulipanga foleni toka asubuhi. Kikao chenyewe hakikufika saa moja. Tukapewa barua yenye muhuri, iliyosema awekwe katika shule yenye yuniti maalum. Haikusema shule gani. Haikusema nani atafuatilia kuona kama ameingia. Mama aliiweka kwenye bahasha ya plastiki kama hati ya shamba.

Shule ya kwanza, mwalimu mkuu aliisoma akamrudishia. "Mama, tungependa sana, lakini yuniti imejaa."

Ya pili: "Hatuna mtu wa kumshika. Huyu akitoroka, ni mimi nitaitwa polisi."

Ya tatu ilikubali, kwa sharti. "Tutamchukua, mama, bora ukae naye."

Akakaa. Miaka miwili mama yangu alikuwa anaingia darasani asubuhi, anakaa kwenye benchi la watoto, anamshika mwanawe mkono akitaka kukimbia, anambadilisha, anamlisha. Alipoona mtoto wa mwenzake amejichafua na mwalimu ameshikika, alimbadilisha pia. Kibanda chake cha mitumba Gikomba alimwachia mwingine, kwa sababu kibanda hakingoji. Serikali ilikuwa imeajiri msaidizi wa darasa bila barua, bila mshahara na bila likizo. Na siku aliyougua mama, kijana hakwenda shule. Hivyo ndivyo unajua nani alikuwa anaendesha mambo.

Mwalimu mwenyewe alikuwa mmoja, watoto 23. Kulikuwa na wasiosikia, kulikuwa na asiyeona, kulikuwa na wenye mtindio wa ubongo, na kulikuwa na wangu anayeziba masikio mwenzake akilia. Wote chumba kimoja, umri tofauti, shida tofauti. Rangi na manila alinunua kwa mshahara wake. Sina neno baya juu ya mwalimu huyo. Nina maneno mengi juu ya waliompa watoto 23 na mandazi 23.

Na kile kituo cha tathmini? Ni miaka sasa, na hakuna aliyewahi kupiga simu kuuliza kama mtoto alifika popote. Alipimwa, akaandikwa, basi. Tumejenga mfumo unaojua kumwambia mzazi mtoto wake ana nini, kisha unamwacha barabarani akiwa na barua mkononi.

Sasa rudi kwenye kalkuleta, maana hapa ndipo hasira yangu inapotoka.

Mtoto mwenye mahitaji maalum akifika shule ya upili ya umma, mgao unabadilika kabisa. Juu ya zile 22,244 za kila mwanafunzi, serikali imepanga kumwongezea 35,730. Kwa nini? Kwa sababu mtu fulani alikaa chini, akapiga hesabu ya kweli ya gharama ya kumsomesha kijana asiyeona au asiyesikia, akapata jibu. Vizuri sana. Lakini kijana huyohuyo, akiwa darasa la pili, wakati ndio anajifunza breli yenyewe, wakati ndio anajifunza kushika penseli, hesabu ya serikali ilikuwa 2,300. Kwani macho yake yalikuwa yanaona darasa la pili, yakapofuka Form One?

Endelea kupanda ngazi. Mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na kupewa cheti cha kusamehewa kodi halipi kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Jambo jema, na sitaki liguswe. Lakini ili usamehewe kodi ya mshahara lazima uwe na mshahara, na ili uwe na mshahara lazima kuna mtu alikufundisha kusoma ukiwa na miaka saba.

Umeona mpango? Kadiri unavyoenda mbele ndivyo serikali inavyokuwa karimu. Imesimama juu ya mlima na maji baridi, inawapigia makofi wanaofika. Wale wengi walioanguka chini, pale ambapo kikombe kimoja kingewainua, haiwaoni. Msaada wa mtoto haufai kungoja mtoto athibitishe kwamba angeweza kuishi bila huo msaada.

Na hizo za juu pia usizihesabu kabla hazijafika. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliiambia kamati ya elimu ya Bunge kwamba badala ya 22,244 kwa mwanafunzi wa sekondari, hazina ilikuwa inaweza 16,900. Ikiwa mgao wa watoto wote wa nchi, wenye wazazi wa kupiga kelele kila kona, unaweza kukatwa hivyo, fikiria wa wale ambao wazazi wao wako darasani wakibadilisha nepi.

Mbaya zaidi, ile miaka ya chini kabisa imegawanywa kati ya ofisi ambazo hazisalimiani. Chekechea ni ya kaunti, hivyo ndivyo Katiba ilivyogawa. Shule ya msingi ni ya serikali kuu. Tathmini iko Wizara ya Elimu. Mtaalamu wa usemi utampata hospitalini, na hospitali nyingi ni za kaunti. Kadi inatoka kwa Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Mwalimu ni wa TSC. Pesa za Inua Jamii, 2,000 kwa mwezi kwa mwenye ulemavu mkali, ziko kwa wizara nyingine tena. Sisi tuliandikishwa kwa hizo 2,000 tukaambiwa tungoje. Tunangoja. Hata zingekuja, hazilipi kikao kimoja cha mtaalamu. Katika ofisi hizo zote, mtu pekee anayebeba faili nzima ya mtoto ni mama, na faili yenyewe iko kwenye bahasha ya plastiki.

Kuna watakaosema serikali ndiyo imetoka mbali. Ni kweli, lakini angalia nani alitangulia. Shule ya vipofu ya Thika ilianzishwa mwaka 1946 na Jeshi la Wokovu. Vituo vya tathmini vilianza 1984 kwa msaada wa Denmark. Chuo cha KISE, kinachofunza walimu wa elimu maalum pale Kasarani, kilianzishwa 1986, zaidi ya miaka ishirini baada ya uhuru. Toka mwanzo jambo hili limekuwa la kanisa, la mfadhili, la mzazi mkaidi, kisha serikali inafika mwishoni kukata utepe. Ndiyo maana hadi leo tunalizungumza kwa lugha ya huruma. Mheshimiwa anakuja na viti kumi vya magurudumu na kamera nne. Kampuni inaleta unga siku moja ya mwaka. Watoto wanaimbishwa. Hakuna anayeuliza hicho kiti kitapitia wapi, na darasa lina ngazi tatu.

Hata kuhesabiwa ni shida. Sensa ya 2009 ilisema watu wenye ulemavu ni asilimia 3.5 ya Wakenya. Ile ya 2019 ikasema asilimia 2.2 ya walio na miaka mitano na zaidi. Watu hawakupona. Namna ya kuuliza ilibadilika: unaona? Unasikia? Unatembea? Unakumbuka? Unajihudumia? Unawasiliana? Ni maswali mazuri, lakini hakuna lililotaja usonji, na mama aliyezoea kuambiwa mwanawe ni laana hatamweleza karani mlangoni huku majirani wanasikiliza. Asiyehesabiwa hapangiwi kitu.

Sasa nifike pale ambapo sikutaka kufika.

Kwenye daftari, vikao vya mtaalamu wa usemi vinaanza Februari 2019. Viwili kwa mwezi, 5,000. Mwezi wa Mei mama ameandika pembeni, kwa herufi ndogo: "Amesema 'maa'." Juni, tena: "Maa, mara mbili." Julai na Agosti vikao vinaendelea. Septemba hakuna. Oktoba hakuna. Havirudi tena. Mahali pake, Septemba 2019, kuna mstari mmoja: "Karo ya mkubwa."

Mkubwa ni mimi. Huo ndio mwezi nilioingia chuo kikuu.

Sikujua. Nilidhani alikatazwa na daktari, au nilidhani tu mambo yaliisha yenyewe, vile mambo ya mdogo wangu huisha. Nikiwa kidato cha pili nilikuwa natembea hatua kumi mbele yao tukienda stegi, ili wasichana wa shule yetu wasijue tuko pamoja. Hiyo aibu ni yangu na naibeba. Lakini hii nyingine, ya Septemba 2019, nakataa kuibeba peke yangu. Nimeizungusha kichwani miezi yote hii. Hii Kiswahili unayosoma, haya maneno ninayoyapanga nikijisikia, yamelipiwa na maneno ambayo mdogo wangu hakuyapata. Labda angepata matano. Labda angepata hamsini. Labda angebaki na "maa" yake tu, na mama angeisikia kila siku.

Nilipomuuliza mama, hakuinua uso kutoka kwa mchele aliokuwa anachagua. "Ningefanya nini? Wewe ulikuwa umeitwa. Yeye hakuna mahali aliitwa."

Hakuna mahali aliitwa. Mimi niliitwa na chuo, na Bodi ya Mikopo ikanipa nusu. Kulikuwa na mlango ulioandikwa jina langu. Yeye alikuwa na barua ya kumwambia atafute mlango mwenyewe. Mama alikuwa na 5,000 na watoto wawili, akaweka pesa mahali palipokuwa na mlango. Ndiyo hesabu yoyote ya mama yeyote. Nchi iliyoandika kwamba elimu ya msingi ni bure ndiyo ilimfanya achague.

Kwa hiyo mtu akiniambia hakuna pesa, namjibu kwamba pesa zipo na zinalipwa kila siku. Zimelipwa na kibanda cha Gikomba. Zimelipwa na mgongo wa mama. Zimelipwa na ulimi wa mdogo wangu. Serikali haijaokoa chochote. Imesukuma tu bili upande wa pili wa meza, kwa mtu asiye na nguvu ya kuirudisha.

Na sisi vijana tusijifanye hatuhusiki. Juni 2024 tulisoma Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu. Tuliutafsiri, tuliuchambua kwenye simu, watu waliokuwa hawajui kodi ya mkate ni nini wakawa wahasibu kwa wiki moja. Wengine hawakurudi nyumbani. Tulijua kusoma bajeti pale ilipogusa mkate, bando na mafuta ya kupikia. Nani kati yetu amewahi kufungua ukurasa wa elimu maalum? Mimi sikuwa nimeufungua, na naishi na huyu mtoto.

Ninachotaka hakihitaji sheria mpya. Pinduzeni ngazi: pesa nyingi ziende chini, chekechea na madarasa ya kwanza, pale mtoto anapojifunza kuwasiliana. Wasaidizi wa darasa waajiriwe na kulipwa, mama zetu warudi kazini. Kila barua ya tathmini iwe na jina la shule iliyokwisha kukubali, na tarehe ambayo mtu wa serikali atapiga simu. Wataalamu wa usemi wawe pale pale penye tathmini, na huduma yao iwe sehemu ya elimu, bure, kama Kifungu cha 53 kinavyosema. Na wewe, kaunti yako ikiita wananchi kutoa maoni ya bajeti, ule mkutano ambao huwa tunawaachia wazee na watu wa viti vya plastiki, nenda. Uliza swali moja: chekechea zetu zina watoto wangapi wenye ulemavu, na mmewawekea nini? Usikubali jibu la "tunalishughulikia." Uliza wangapi. Uliza nini.

Mama ana miaka 52 na magoti yameanza. Siku hizi huniangalia nikimvisha kijana viatu, na najua anachohesabu. Katika nyumba nyingi kama yetu, mpango wa serikali wa miaka arobaini ijayo ni dada mkubwa. Ni mimi. Ni wewe pia, kama una mmoja nyumbani na hujawahi kumwambia mtu.

Nampenda mdogo wangu. Nitaishi naye, nitampikia chai ya moto, nitajifunza hizo honi. Hilo sihitaji kuombwa. Lakini lile daftari sitalirithi. Ni la serikali. Nitaenda kulipeleka.